Gari la kabureta likipata moto linagoma kuwaka mpaka lipoe: ni mafuta au ni umeme?

#1 ChokiNusu
Wakuu, salamu. Waliojifunzia udereva kwenye Beetle, Corolla KE20, Peugeot 404 au Datsun 1200 wanaijua tabia hii. Asubuhi unavuta choki, unapiga stata mara moja, gari hilo limewaka. Linatembea vizuri saa nzima. Unazima dakika kumi tu, ukirudi stata inazunguka kwa nguvu zake zote lakini injini haishiki. Fungua boneti, subiri nusu saa, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Ubishi wa enzi hizo haukuwahi kuisha. Kuna waliosema petroli imechemka, kuna wa koili, kuna wa kondensa. Naomba hoja zenye vipimo. Gari la mfano: Datsun 1200 ya 1972, injini A12 (cc 1171), kabureta yake ya asili, pampu ya mafuta ya kimakanika, distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) bado ya platini, yaani swichi ndogo inayofungua na kufunga umeme wa koili. Plagi mpya, uwazi 0.8 mm. Rejeta safi, mshale wa joto unakaa katikati.

#2 TambaraBichi
Petroli imegeuka mvuke. Loweka tambara maji baridi, weka juu ya pampu dakika tano, piga stata. Uzi ufungwe.

#3 MwanaPistoni
Mkuu #2 ana haraka, ila hoja yake ina msingi, ngoja niieleze vizuri.

Petroli si kimiminika cha aina moja. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na nzito hazichemki mpaka zipite 180. Gari likitembea, feni na upepo vinapoza sehemu ya injini, na petroli mpya inapita kwenye pampu muda wote. Ukizima, maji hayazunguki tena, feni imesimama, lakini chuma cha injini bado kina joto lote. Ndiyo maana joto chini ya boneti hupanda baada ya kuzima, na kilele chake huja kati ya dakika ya 10 na ya 20. Ndiyo dakika zako hizo, ChokiNusu.

Halafu kuna jambo wengi hawalitazami. Bomba linalotoka tangini kuja kwenye pampu linafanya kazi kwa kufyonza, kwa hiyo ndani yake presha iko chini ya ile ya hewa ya nje. Presha ikishuka, kiwango cha kuchemka nacho kinashuka. Pampu ya kimakanika ikijaa mvuke inaubana na kuuachia mvuke uleule, mafuta hayasogei. Magari ya sindano pampu yao iko ndani ya tangi na inasukuma kwa bar 2.5 hadi 3, petroli haipati nafasi ya kuchemka kwenye bomba. Ya kabureta inasukuma bar 0.2 au 0.3 tu.

#4 ShangaziSpana
Hapo #3 umeeleza shida moja, lakini ziko mbili na dawa zake ni kinyume.

Moja ni hiyo ya mvuke kwenye pampu au bomba: kabureta inakosa mafuta. Ya pili, petroli inachemka ndani ya bakuli la floti (kichombo cha akiba ya petroli) la kabureta yenyewe, inafurika kupitia pua ya jeti kuu na kudondokea kwenye manifodi. Hapo injini haina njaa, imezama. Kwenye A12 manifodi ya hewa na ya egzosi ziko upande mmoja, kabureta imekaa juu ya egzosi. Pika pika hiyo ni ya kutarajiwa.

Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa. Injini ikiwa imegoma, toa kifuniko cha filta ya hewa, angalia ndani ya koo la kabureta kwa tochi (tochi, si kiberiti, tusije tukapoteza mtu hapa). Sukuma waya wa ekseleta kwa mkono mara moja:

– Ukiona mchirizi wa petroli, bakuli lina mafuta. Sahau habari ya pampu.
– Usipoona mchirizi, bakuli ni kavu. Hapo ndipo tambara la #2 lina kazi.
– Ukiona petroli inadondoka yenyewe bila kugusa ekseleta, imezama. Kanyaga ekseleta taratibu mpaka chini, ishikilie hapohapo, piga stata sekunde 8 hadi 10. Usipampu! Kila unapopampu unaongeza mchirizi mwingine.

Na hakikisha bamba la choki linafunguka lote. Waya wa choki ukikwama nusu, asubuhi gari linawaka vizuri sana na mchana linazama.

#5 MzeeDainamo
Vijana wa petroli mmejipanga, ila mnasahau umeme. Robo tatu ya "petroli imechemka" ya enzi zile ilikuwa koili au kondensa.

Koili ni nyaya nyembamba mno zilizofungwa pamoja, zimetengwa kwa vanishi na karatasi, ndani ya mafuta. Ikipata joto, pale penye ufa panapanuka na umeme wa volti nyingi unaruka ndani kwa ndani badala ya kwenda kwenye plagi. Ikipoa ufa unajibana, gari linawaka. Dalili ni zilezile za mvuke, ndiyo maana watu wanapigana mpaka leo.

Kondensa nayo ina kazi mbili: kuzuia platini zisiungue zinapofunguka, na kuifanya sumaku ya koili ianguke ghafla ili cheche iwe kali. Ikivuja kwa joto, cheche inakuwa ya njano na dhaifu. Toa kofia ya distribyuta, mtu apige stata, tazama platini kwenye kivuli. Vicheche vidogo vya buluu hapa na pale ni kawaida. Ukiona mwako mweupe unaoendelea, kondensa imekufa.

Pima koili ikiwa ya moto. Ikisoma tofauti na ilivyokuwa baridi, itupe.

#6 TambaraBichi
Mzee umewahi kukutana na tatizo lolote ambalo si koili?

#7 MzeeDainamo
Nimekutana nalo. Lilikuwa kondensa.

#8 OmuTatu
Naomba nisahihishe mstari wa mwisho wa #5 kabla watu hawajatupa koili nzima. Shaba yenyewe huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1. Koili ya omu 3 ukiipima kwenye nyuzi 25, halafu ukaipima tena ikiwa na nyuzi 85, itasoma kama 3.7. Hiyo ni fizikia, si ubovu.

Na mita ya kawaida inapima kwa volti chache za betri yake. Ufa anaousema Mzee unaruka kwenye volti elfu kumi na zaidi, mita haitauona hata siku moja. Kipimo cha kweli ni kubadilisha: gari likigoma, funga koili nyingine unayojua ni nzima, hapohapo injini ikiwa ya moto. Waya tatu tu.

#9 ChokiNusu
Asanteni. Majibu: ikiwa imegoma, mchirizi upo, tena mzuri. Choki inafunguka yote. Plagi zikitolewa zina unyevu wa petroli. Koili inasoma 3.1 ikiwa baridi na 3.7 ikiwa ya moto. Cheche kutoka waya wa katikati ni ya njano, inaruka kama mm 4 tu.

#10 ShangaziSpana
Plagi zimelowa. Imezama. Asante.

#11 MzeeDainamo
Plagi zimelowa KWA SABABU hakuna cheche ya kuichoma petroli. Njano, mm 4! Koili nzima inaruka mm 6 na zaidi, ya buluu, na unaisikia ikilia.

#12 BisibisiBapa
Kabla hamjauana, kuna mtu kapima platini? Cheche ya njano inaweza kutokea bila kondensa wala koili kuwa mbovu.

A12 inataka uwazi wa 0.45 hadi 0.55 mm. Kile kisigino cha platini kinachosuguana na kamu ya distribyuta kinalika, na kikilika uwazi unapungua. Uwazi ukipungua, platini zinachelewa kufunguka, kwa hiyo taimingi inarudi nyuma. Taimingi iliyochelewa inamaanisha mchanganyiko unaendelea kuungua wakati valvu ya egzosi inafunguka: manifodi inapata moto zaidi, na kabureta iko juu yake. Kwa hiyo platini iliyolika inaweza kumpa Shangazi petroli yake inayochemka na kumpa Mzee cheche yake dhaifu, kwa pamoja.

Namna ya kufanya, kwa mpangilio huu na si vinginevyo:

Kwanza uwazi. Zungusha injini kwa mkono mpaka kisigino kikae kwenye ncha ya kamu. Pitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia uwazi) ya 0.50. Angalizo: platini iliyotumika inajenga kinundu upande mmoja na shimo upande wa pili. Fila geji itapita juu ya kinundu na kukudanganya, uwazi halisi ni mkubwa kuliko unavyosoma. Piga tupa laini kwanza au weka mpya. Mwenye mita ya dweli (pembe ambayo kamu huzunguka platini zikiwa zimefunga; uwazi ukibana, dweli inapanda) asome nyuzi 49 hadi 55, hiyo haidanganywi na kinundu. Paka grisi kidogo mno kwenye kamu. Ikizidi itarukia platini na utaanza upya.

Pili taimingi. Leta silinda namba 1 juu kwenye mbano: toa plagi, ziba tundu kwa kidole, hewa ikisukuma kidole ndiyo yenyewe. Linganisha alama ya puli na mshale kwenye nyuzi zilizoandikwa kwa injini yako. Chukua balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye upande hasi wa koili (ule unaokwenda kwenye distribyuta), mwingine bodi. Fungua ufunguo. Legeza bolti ya distribyuta, izungushe uelekeo wa rota mpaka balbu izime, kisha irudishe kinyume polepole. Pale tu balbu inapowaka, simama, kaza. Zungusha injini mizunguko miwili kwa mkono uone kama balbu inawaka alama ikifika.

Ukianza na taimingi halafu uje kwenye uwazi, umeharibu taimingi. Uwazi unagusa taimingi, taimingi haigusi uwazi.

#13 Kisigino
Nakazia #12, na niongeze kitu kinachosahaulika: ule waya mfupi ndani ya distribyuta unaoungana na platini. Bamba la platini hucheza kila vakyumu inapovuta, na waya unakatikia ndani ya plastiki yake huku nje ukionekana mzima. Ushike uvute taratibu. Ukirefuka kama mpira, ndani hakuna shaba. Kagua pia waya wa bodi wa bamba lenyewe.

#14 TapetiHuru
Hakuna aliyegusa valvu. Tapeti (zinazosukuma valvu zifunguke) zikibana mno, joto likirefusha valvu ya egzosi haikai tena kwenye kiti chake, mbano unapotea, na gari la moto halishiki. Likipoa valvu inajifunga. Uwazi wa tapeti za A12 ni 0.35 mm kwa zote, hewa na egzosi, injini IKIWA YA MOTO. Ukipima mbano, pima pia ikiwa ya moto, ekseleta imekanyagwa yote, na silinda ya chini kabisa isiwe chini ya asilimia 80 ya ile ya juu kabisa.

Hili linahusu zaidi magari yaliyozaliwa zama za petroli ya risasi. Risasi ilikuwa inaacha utando kwenye viti vya valvu. Ilipoondolewa, viti laini vilianza kuzama taratibu na tapeti zikawa zinajibana zenyewe kila baada ya kilomita elfu kadhaa.

#15 Mfuniko
Mfuniko wa tangi! Tundu la hewa likiziba tangi linajivuta ndani, mafuta hayaji. Fungua usikilize kama linafyonza hewa kwa sauti.

#16 MwanaPistoni
#15, mfuniko ungezima gari likiwa linatembea, hasa kwenye mwendo mkubwa, na lingewaka tena baada ya dakika chache hata injini ikiwa ya moto. Hili linatembea saa nzima bila tatizo. Tena #9 kasema mchirizi upo.

#17 KobeBapa
Ndiyo maana wazee walipenda Beetle. Tangi mbele, pampu mbele, injini nyuma. Petroli haikutani na joto.

#18 ShangaziSpana
Tangi mbele ndiyo. Pampu hapana! Pampu ya Beetle ya kabureta imefungwa kwenye injini yenyewe, karibu na distribyuta, inasukumwa na kijiti kutoka kwenye gia ndani. Na bomba la chuma linapita kati ya mabati ya kupozea injini. Beetle nayo ina mvuke wake, uliza yeyote aliyeshika spana.

Joto la Beetle lina mahali pake panapojulikana: silinda namba 3. Kipoza oili kilisimama ndani ya nyumba ya feni juu ya silinda hiyo na kuikatia hewa. Modeli za 1971 ndizo zilizokihamishia nje ya njia ya hewa. Kabla ya hapo valvu ya egzosi ya namba 3 ndiyo ya kwanza kuungua au kukatika, ndiyo maana tapeti zake 0.10 mm, injini ikiwa baridi kabisa, hazikuwa za kuahirisha.

#19 KobeBapa
Nimesahihishwa, shukrani. Ila zile za kabla ya modeli ya 1962 hazikuwa na geji ya mafuta, na hapo hakuna wa kunisahihisha. Injini ikianza kukohoa unageuza koki kwa mguu, unapata lita 5 za akiba. Aliyesahau kuirudisha alipojaza tangi alipata jibu lake njiani.

#20 TambaraBichi
Na maji ya kuoshea kioo yalisukumwa na upepo wa tairi la spea! Tairi likishuka upepo, kioo hakioshwi. Kuna mhandisi alipokea mshahara kwa wazo hilo.

#21 Kisigino
Usicheke, halikuwa na mota wala fyuzi. Linganisha na waipa za vakyumu zilizovuta nguvu kutoka kwenye manifodi: ukipanda mlima na kukanyaga ekseleta, vakyumu inakufa na waipa zinasimama katikati ya mvua.

#22 Hendeli
Kwani injini ikigoma si mnapiga hendeli? Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Taimingi ikiwa imewahi sana injini inarudisha hendeli kinyume, na gumba lililozunguka mpini linavunjika.

#23 MzeeDainamo
Hendeli haiongezi cheche, #22. Inasaidia betri ikiwa imekufa.

Kusukuma pia kuna elimu yake. Gia ya 2, si ya 1, kwa sababu ya 1 inafunga magurudumu. Ufunguo wazi, klachi chini, likishika mwendo achia klachi ghafla na uikanyage tena. Gari la dainamo linakubali hata betri ikiwa hoi, kwa kuwa chuma cha dainamo kinabaki na sumaku kidogo ya kuanzia. La alteneta, betri ikiwa sifuri kabisa, utasukuma mpaka uchoke: alteneta inahitaji umeme kidogo wa kuanzisha sumaku yake.

#24 OmuTatu
Turudi kwenye Datsun. Kuna mifumo ya enzi hizo yenye rezista ya nje: koili ya omu 1.5 na rezista ya 1.5 zinafuatana. Wakati wa stata rezista inarukwa, koili inapata volti zote, ukiachia ufunguo rezista inarudi kazini. Mtu akiondoa rezista na kubakiza koili ya 1.5, platini zikiwa zimefunga zinapita ampia 8 badala ya 4. Koili inaiva, platini zinaungua. Ya ChokiNusu inasoma 3.1, kwa hiyo ni ya kutumika bila rezista. Kama bado ina rezista ya zamani kwenye waya, cheche itakuwa dhaifu wakati wote, na zaidi ikiwa ya moto. Fuata waya kutoka kwenye ufunguo hadi upande chanya wa koili, upime volti platini zikiwa zimefunga. Ukikuta 6 hadi 9, rezista ipo. Ukikuta karibu 12, haipo.

Na usiache ufunguo wazi injini ikiwa imezima, hata kwa ajili ya redio. Platini zikiwa zimesimama zimefunga, koili inageuka pasi ya wati 48.

#25 ChokiNusu
Nimepima: volti 11.6, rezista haipo. Platini zina kinundu kinachoonekana kwa macho. Dweli inasoma 61.

#26 BisibisiBapa
61! Uwazi umebana, taimingi iko nyuma. Nilisema.

#27 MzeeDainamo
Kinundu kinatengenezwa na nini, BisibisiBapa? Kondensa isiyolingana. Nilisema.

#28 ShangaziSpana
Na egzosi inayopikwa na taimingi iliyochelewa inamwaga joto wapi? Kwenye bakuli la floti. Kagua gasketi nene ya bakelaiti kati ya kabureta na manifodi, wengi waliitoa wakaweka ya karatasi. Kimo cha floti nacho, kikizidi linafurika mapema.

#29 TambaraBichi
Nilisema tambara.

#30 MwanaPistoni
ChokiNusu, usibadilishe vyote kwa pamoja, utawasha gari bila kujua kilichokuwa kibovu. Liache ligome. Tambara la kwanza kwenye koili PEKE YAKE, maji yasifike kwenye kofia ya distribyuta, subiri dakika tano, piga stata. Likigoma, siku nyingine injini ikiwa na joto lilelile, tambara kwenye bakuli la kabureta peke yake. Ukilowesha vyote viwili hujapima kitu. Kondensa ijaribu kwa kufunga nyingine nje, pembeni ya koili, waya wake kwenye upande hasi na kibati chake kwenye bodi. Ya zamani ichomoe kabisa, zikikaa mbili pamoja jibu halisomeki.

#31 Kisigino
Na kondensa mpya isiaminiwe kwa kuwa ni mpya. Nyingi za siku hizi hazifiki popote. Itoe kwenye gari linalotembea.

#32 ChokiNusu
Sawa. Naanza na koili. Maji ya baridi au ya kawaida?

#33 OmuTatu
Ya kawaida. Ya barafu kwenye koili ya moto yanaweza kupasua plastiki ya kichwa chake, halafu Mzee atapata ushindi wa bure.